Sauti Yako Niliikuta Moa

Da Thuweba,

Chumba chetu kimechukuliwa. Nilitaka nianze kwa salamu kama watu wanavyofanya, lakini kalamu imegoma, na wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kuzungushwa. Basi nakwambia kama lilivyo. Kile chumba cha nyuma ya jiko la chuo cha ualimu, tulichokipaka rangi kwa mikono yetu, sasa ni stoo ya magodoro. Kompyuta zetu wamezisukumiza ukutani na juu yake wametupia mapazia ya zamani. Jumamosi iliyopita nilikwenda nikachungulia dirishani. Mtu mzima, mwalimu wa watoto, nimeshika nondo za dirisha nalia. Mpishi alitoka na mwiko mkononi, akanitazama, akarudi ndani.

Naandika kwa mkono. Najua ungenicheka, wewe uliyenifundisha kupanga aya na kuweka namba za kurasa mpaka nikajiona karani wa serikali. Siwezi. Nikikaa mbele ya kioo cha kompyuta nakuona umesimama nyuma ya bega langu, na hapo hapo vidole vinakufa ganzi.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nasomea ualimu wa chekechea, mtoto wa watu wa Lushoto walioshuka kukata mkonge Muheza wasirudi tena mlimani. Kwetu hata redio tulikuwa tunasikiliza ya jirani. Mkaja wewe na Kassim, mmepakia kompyuta kuukuu kwenye bajaji, mmezifunga kwa kamba ya manila, mkasema mtatufundisha kila Jumamosi, bure. Tulidhani mnatafuta kura. Binti wa Kiarabu, wa watu wenye duka la vitambaa, kuna nini anachokitaka kwetu? Ukaniwekea kipanya mkononi, nami nikakiinua juu hewani nikawa nakielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni. Darasa zima likaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ulikishusha mezani pamoja na mkono wangu, taratibu, ukaninong'oneza, "Kompyuta haiumi, Mkunde. Inayouma ni aibu, nayo inapita."

Kassim akaanza kutueleza programu huria ni nini. Masikini, alieleza kifundi mpaka tukaanza kusinzia. Ukamnyamazisha kwa kiganja. Ukatuuliza ule wimbo tunaowaimbia watoto wakinawa mikono ni wa nani. Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Ukauliza tulimwomba nani ruhusa ya kuuimba. Hakuna. Ukauliza wale walimu wa kijijini Moa wanaoutia maneno ya Kidigo wamekosea? Tukajibu kwa pamoja, hawajakosea, watoto wao ndipo wanapouelewa. "Basi na hizi programu ni hivyo hivyo," ukasema. "Mtu katunga, kaacha mlango wazi. Tumia. Fungua uone kilichomo ndani. Palipokosewa rekebisha. Kisha mpe mwenzio." Nilielewa pale pale. Mpaka leo nikimweleza mtu, naanzia kwenye wimbo.

Nikamaliza chuo, nikapata shule Makorora, na Jumamosi zangu zote nikakupa wewe. Tukawa watatu: wewe, Kassim na mimi. Mie niliyekuwa naogopa kipanya nikawa namshika mkono mwanafunzi mwingine na kukishusha kipanya mezani. Sijui kama niliwahi kukwambia ilivyokuwa kwangu siku ile ya kwanza nilipoitwa mwalimu wa kompyuta. Nilikwenda chooni nikajifungia, nikacheka peke yangu.

Tulikuwa tukimaliza tunakwenda kula mihogo ya kukaanga. Wewe na lile chupa lako la maji lisiloisha, na shali mabegani, joto la Tanga lote lile! Nilikutania ukasema ndivyo wanavyovaa wanawake wa kwenu. Nikaamini. Siku nyingine hukuja, ukatuma ujumbe kwamba una wageni. Nikaamini pia. Hukutaka tujue kuwa ulizaliwa na selimundu, kwamba damu yako mwenyewe ilikuwa inakuvunja mifupa kwa ndani, na kwamba wageni wenyewe walikuwa ni maumivu.

Ndipo ukaanza kurekodi masomo. Ulituambia ni kwa ajili ya wale waliokosa darasa. Kioo cha kompyuta kinaonekana, mshale unatembea, na sauti yako inaeleza pole pole kwa Kiswahili kama unamwelekeza mtu njia ya nyumbani kwenu. Jinsi ya kufungua, jinsi ya kuhifadhi, jinsi ya kuchora bata na kumtia rangi, jinsi ya kuweka picha na maneno ukurasa mmoja ili mwalimu wa chekechea ajitengenezee kitabu chake mwenyewe bila kusubiri cha kutoka Dar es Salaam. Nilikuhimiza uyaweke mtandaoni, ukakataa. "Bado hayajaiva," ukasema. "Nitayarekebisha kwanza." Hukuyarekebisha.

Ulikufa wiki ya mvua. Nilipata habari nikiwa darasani, watoto wanaimba, nami nikaendelea kuimba nao mpaka mwisho kwa sababu sikujua mtu anakatizaje wimbo wa watoto.

Nilikuja kwenu, Da Thuweba. Nilijifunga khanga kichwani nikakaa na wanawake kwenye mkeka, mie Mlutheri nisiyejua nini kinasomwa, nikiinamisha kichwa wao wakiinamisha. Nilikwenda kumpa mkono mama yako. Nikasema, "Shikamoo Bi Zuwena, pole sana mama." Hakuitikia. Akasema, na wote waliokuwamo wakasikia, "Ninyi na mitambo yenu mmenimalizia mwanangu. Mtoto mgonjwa, mnamchukua kila Jumamosi, jua, vumbi, ngazi. Mmefurahi sasa?"

Shangazi yako akamshika bega, akaniambia nisiliweke moyoni, ni uchungu. Mie nililiweka. Ningeliweka wapi kwingine? Nilitoka nje nikavaa viatu vya mtu mwingine, nikafika navyo hadi barabarani kabla sijagundua.

Baada ya hapo mambo yakaporomoka kama ukuta ulioloa. Kassim akaacha kuja. Alipata kazi Horohoro, mpakani, kwa wakala anayewatolea watu mizigo forodhani, akaondoka bila kuniaga. Nikabaki peke yangu na wanafunzi. Nikafundisha Jumamosi ya kwanza, nikafundisha ya pili. Ya tatu nikajaribu kuziboresha zile programu kama nilivyokuona ukifanya, umeme ukakatika katikati ya kazi, na uliporudi kompyuta tatu zikawa zinatoa kioo cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza. Nikabonyeza kila nilichokijua. Wanafunzi wakanitazama kwa huruma, na huruma ya wanafunzi, Da Thuweba, ni mbaya kuliko kicheko. Wakaanza kupungua. Mmoja ana harusi, mwingine anafua, mwingine hakusema kitu.

Kisha mkuu wa chuo akaniita ofisini. Amepata mfadhili, akasema, ameleta laptopu mpya na programu zake za kulipiwa, mwaka wa kwanza mfadhili analipa. Nikauliza ukiisha huo mwaka tutazifunguaje. Nikauliza tukitaka kumgawia mwalimu wa kijijini itakuwaje. Nikaanza habari ya wimbo. Mkuu si mtu mbaya, unamjua. Alivua miwani akasema kwa upole, "Mwalimu Mkunde, tusikatae zawadi kwa ajili ya mapenzi ya marehemu." Ningekuwa wewe ningemjibu. Ungemwonyesha, ungemchekesha, angetoka pale anatusaidia kubeba meza. Mimi nilisema, "Sawa, mzee," nikatoka. Hizo laptopu mpya ziko kabatini ofisini, zimefungwa kwa kufuli zisije zikaibwa. Hakuna mwanafunzi aliyezigusa bado. Na chumba chetu kikapewa magodoro.

Siku hizo nilikuwa nikiamka najiuliza ulikuwa na haja gani ya kuanzisha kitu usichoweza kukaa nacho. Nilikukasirikia. Nilipita nje ya duka la kwenu nikageuza uso.

Basi mama yako akaniita.

Alimtuma shangazi yako mpaka shuleni Makorora. Nilifikiri nimefanya kosa jingine. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda chako, kile cha besera chenye nguzo nne, na laptopu yako mapajani ameifunika kwa kitambaa cha kufutia vumbi, kama mtoto. Amekonda. Niliamkia, safari hii akaitikia, "Marahaba." Akasema, "Shangazi yake ananambia humu mna sauti yake."

Nikasema ndiyo, mama, mna masomo aliyorekodi.

"Nifungulie," akasema. "Mie nnasahau. Nnamsahau alivyokuwa akiniita. Sura nnayo, picha nnazo. Sauti inanitoka."

Niliibonyeza. Ikatoa mlio, kriki, kriki, kriki, kama kuku anadonoa bati, kisha ikanyamaza. Nikabonyeza tena. Kriki, kriki. Bi Zuwena alikuwa ananitazama mikono, si kioo. Nikamwambia labda ni chaji. Nikamwambia labda ni joto. Nilikuwa naujua mlio ule, wewe ndiye uliyenifundisha: diski inakufa. Nikamwomba niende nayo kwa Kassim. Akaikumbatia kwanza. Kisha akanipa.

Horohoro ni malori na vumbi na watu wenye haraka. Nilimkuta Kassim kwenye kibanda cha wakala wake, amenenepa kidogo, amefuga ndevu. Alipoiona laptopu yako alisimama. Hakuuliza hali yangu. Aliifungua kwa bisibisi pale pale mezani, akaitoa diski, akaiunganisha kwenye mashine nyingine, akaitegea sikio, akajaribu hivi na vile mpaka wenye mizigo wakaanza kugomba nje. Mwishowe akaweka bisibisi chini.

"Imekwenda," akasema. "Hata ukiipeleka kwa nani. Imekwenda, Mkunde."

Nikamlaumu. Nilisema nje nje, mbele za watu, kwamba ametutupa, kwamba alikimbia. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akaniambia jambo ambalo labda ulilijua, labda hukulijua, nami nakufikishia kwa kuwa yeye hatakuandikia. Alikuwa amekwisha kuzungumza na wazee wake. Walikuwa waje kwenu kuleta posa baada ya Ramadhani. "Kila nikiwasha kompyuta yenye mfumo wetu ule huria," akasema, "ninaiona siku aliyonifundisha kuuweka. Sina nguvu hizo. Nisamehe, na mama yake mwombe anisamehe." Akafuta pua kwa mkono wa shati, akamwita mwenye mzigo wa kwanza.

Nilirudi Tanga nimeshika kile kidude cha chuma mkononi. Sikwenda kwa mama yako siku ile. Wala kesho yake. Ningemwambia nini? Mwanao amekufa mara ya pili, na mara hii mikononi mwangu?

Mie sikunakili hata somo moja, nilikuwa nawe mwenyewe, na kompyuta za chuo hazikuwa nayo; nikaanza kuwapigia wanafunzi. Maana kila ulipomaliza kurekodi somo ulikuwa unawahimiza walinakili, wachukue kwenye simu, kwenye flashi, popote. Nikapiga kwa mmoja mmoja. Mmoja simu ilijaa akafuta apate nafasi ya picha za harusi. Mmoja flashi ilifuliwa na nguo. Mmoja aliuza simu. Mmoja alianza kulia aliposikia natafuta nini, nikalazimika kumbembeleza mimi. Wengine hawakupokea. Kila nilipokata simu nilisikia unazidi kwenda mbali. Nilikaa kwenye ngazi za shule watoto wote wamekwisha kuchukuliwa, nikasema kwa sauti, "Mungu, hata hili?" Mlinzi akadhani nazungumza naye.

Akabaki Mwanahamisi. Yule wa Moa, mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa anakuja siku moja anakosa tatu, aliyeandika jina lake kwa kidole kimoja kipindi kizima. Namba yake haikupatikana. Ulimpa laptopu ya zamani ile iliyovunjika bawaba, ukamwambia aende nayo kijijini. Mimi na Kassim tulinung'unika chini chini kwamba itaoza. Nilikwenda Moa bila matumaini yoyote, nakuapia. Nilikwenda ili niweze kumwambia mama yako kwamba nilikwenda.

Bodaboda akaniteremsha penye shule ya chekechea, chumba kimoja cha udongo chenye bati jipya. Nilimsikia kabla sijamwona. Si yeye, wewe. Nilisikia sauti yako.

Ilitoka dirishani pale, na kuku wanapita, na mtu anatwanga nyumba ya pili: "Sasa bonyeza palipoandikwa hifadhi. Umeona? Kazi yako haipotei." Nilichuchumaa pale pale mchangani. Yule kijana wa bodaboda akashuka, akaniuliza dada vipi, umeumwa na kitu? Nikainuka nikaingia.

Ndani walikuwamo wanawake wanne, walimu wa chekechea za huko, wamekaa kwenye mkeka mbele ya laptopu iliyoegemezwa tofali, waya umetoka dirishani hadi kwenye sola. Mwanahamisi ameketi pembeni ananyonyesha. Kila ulipomaliza sentensi alikusimamisha, akawatafsiria kwa Kidigo, wakajaribu, akakuachia tena uendelee. Hawakujua kuwa umekufa. Namba yake ilikuwa haifanyi kazi tangu mvua zile, hakuna aliyemfikishia. Aliponiona aliruka, akasema, "Mwalimu Mkunde! Na Da Thuweba yuko wapi, mmekuja wote?"

Nilimwambia. Sitaki kukuandikia ilivyokuwa. Wale wanawake hawakuwahi kukuona, walikujua sauti tu, na walilia kama wamefiwa na dada. Mmoja akainuka akakuzima, pole pole, kama anavyofumbwa mtu macho.

Mwanahamisi alikuwa nayo yote. Alinakili kila somo, hata yale ambayo mimi sikuwahi kuyaona, ya mwisho mwisho. Nikayachukua kwenye flashi. Alinipa na vitabu walivyotengeneza, kurasa walizochapishiwa na mtu mjini wakazishona wenyewe kwa uzi: bata, na chini yake maneno kwa Kiswahili na kwa Kidigo. Bata mwenyewe kapinda shingo. Ungempenda.

Nilikwenda kwa mama yako moja kwa moja, na vumbi la njiani bado mwilini. Tukakaa kitandani kwako, mimi, yeye na shangazi. Nikafungua laptopu niliyoazima, nikaanza na somo la kwanza. Uliposema "Bismillahi, karibuni jamani", Bi Zuwena alikamata kitambaa akakiuma. Hakulia kwa sauti. Alisikiliza unavyoeleza habari za mafaili na vipanya, asielewe hata neno moja, na uso wake, sijui niufananishe na nini. Kila somo lilipokwisha alisema, "Jingine." Shangazi alileta chai ikapoa.

Tukafika la mwisho. Somo la kuunganisha picha na maneno. Nililiona Moa juu juu, nikasikia umesimama katikati, ukasema, "Ngojeni kidogo jamani," kukawa kimya, kisha ukarudi: "Haya, tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye bata." Nilidhani umekwenda kufungua mlango. Wale wanawake wa Moa waliniambia pale huwa wanacheka, wanasema Da Thuweba kaenda kunywa chai.

Mama yako aliinua mkono. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akainamisha kichwa karibu na laptopu mpaka sikio likagusa. Katika kile kimya kulikuwa na pumzi. Pumzi moja inavutwa kwa ndani, inakatwa, inavutwa tena, na kitanda kinalia kidogo, na neno dogo sana, "Ya Allah."

"Huu ni mgongo," Bi Zuwena akasema. "Mgongo ukimshika huvuta pumzi hivi. Tangu mdogo. Mie nilikuwa jikoni siku hiyo. Nilikuwa hapo hapo jikoni, hakuniita." Akanitazama. "Mlijua?"

Nikasema, hatukujua, mama. Wallahi hatukujua. Sijui nilipata wapi kiapo kile, si cha kwetu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, akanishika mkono, mkono huu huu ninaoandikia, akauweka juu ya laptopu pamoja na wake. Akasema, "Hayo mengine gawa. Mpe kila anayetaka, ndivyo mwenyewe alivyopenda. Hili usimpe mtu. Hapa si somo hapa. Hapa mwanangu anaumwa, wala hakutaka kuonekana."

Nikasema ndiyo, nikamwachia nakala yake kwenye simu ya shangazi.

Na tangu siku hiyo nimekaa na neno hilo, Da Thuweba. Ulitufundisha kutozuia. Ulituambia kitu chema kikifungiwa kinaoza. Wanawake wa Moa wanalihitaji somo lile kuliko mengine yote, ndilo la vitabu, ndilo linalomaliza kazi. Nami nimemwahidi mama yako. Sina mtu wa kumuuliza, kwa sababu wa kumuuliza ni wewe.

Sitakudanganya kwamba nimepata nafuu. Chumba hatuna. Kassim hatarudi. Kompyuta tatu bado nyeusi, sijui dawa yake. Wiki iliyopita mama yako alinipigia simu mchana akaniambia, "Leo nimelisikiliza lile," akakata. Sijui nimemletea faraja au kidonda. Kuna siku nafikiri ningewaacha wote wawili, wewe na diski yako, mlale.

Lakini Jumamosi nakwenda Moa. Nimewaza nifanye hivi, na kama nimekosea utanisamehe. Nitamwomba Mwanahamisi alifute somo lile mbele yangu, nimwambie kwa nini. Kisha nitakaa kwenye mkeka wao nilirekodi upya mimi, bata kwa bata, kwa sauti yangu hii mbaya inayokwama kwenye maneno marefu. Si sauti waliyoizoea. Watanung'unika. Watazoea.

Nilikuahidi mambo mengi ukiwa hai, mengine nikayasahau. Hili nakuahidi ukiwa huko: walimu wote wa pwani hii wakitaka kukusikia watakusikia unacheka, unaeleza, unamwambia mtu asiogope. Pumzi ile haitasikika nje ya chumba chako. Hiyo ni ya Bi Zuwena, na nitaulinda mlango wake kwa niaba yenu wote wawili.

Lala, dada yangu. Usiogope kumwita mama huko; hapa anakuitikia.

Wako,
Mkunde